Laki nane, viti vinne

Ukisimama mbele ya sofa yoyote Keko, Dar es Salaam, swali la kwanza la muuzaji ni "Unataka ya watu wangapi?" Bei nayo hutajwa kwa hesabu hiyohiyo: seti ya watu saba, yaani sofa ya watatu, ya wawili na mbili za mmoja mmoja, seti ya watu sita, sofa ya L. Mnunuzi anahesabu watu, anapunguziwa kidogo, analipa. Kilichoshonewa ndani hakikuzungumzwa.

Tuchukue shilingi laki nane. Si bei ya duka fulani. Ni kiasi ambacho mtu wa kipato cha kawaida anaweza kukishika zamu yake ya mchezo wa kuchangiana fedha ikifika. Igawe kwa watu saba: kila kiti kimepata kama 114,000, na humo zimo mbao, sponji, kitambaa, gundi, ujira wa fundi na faida ya mwenye duka. Igawe kwa watu wanne: kila kiti kina 200,000. Fundi si mchawi. Ukimbana afikishe saba atafikisha, ila atapunguza pale ambapo jicho lako halifiki.

Fremu ndiyo ya kwanza kupunguzwa. Sofa nyingi zilizofunikwa kitambaa huwa na fremu ya paina, mbao nyepesi inayopandwa kwa wingi Nyanda za Juu Kusini, hasa katika shamba la serikali la Sao Hill huko Mufindi. Paina yenyewe haina kosa. Ikikaushwa vizuri na kupigwa dawa ya wadudu inatosha kabisa, na anayekuhakikishia kwamba ndani kusikoonekana amejaza mninga mtupu kwa bei hiyo, mwombe afungue muone wote. Tatizo ni mbao mbichi. Ikipigwa msumari ingali na maji, hunywea inapokauka, msumari unalegea, na miezi michache baadaye sofa inalia kila mgeni anapokaa. Tatizo lingine ni kona zilizoshikwa kwa misumari tu, bila gundi wala kipande cha mbao cha kukazia pembe.

Kuna jaribio lisilohitaji utaalamu. Shika pembe moja ya mbele ya sofa ya watatu, uinue kiasi cha shubiri moja. Mguu wa mbele wa upande wa pili ukinyanyuka karibu papo hapo, fremu imeshikana. Ukibaki sakafuni huku sofa inajipinda, achana nayo, hata kama rangi yake ndiyo uliyokuwa unaiota. Kisha igeuze. Kile kitambaa cheusi cha chini hubanwa kwa pini chache tu. Omba zitolewe tatu au nne uchungulie. Unatafuta springi, au mikanda ya mpira iliyosukwa kwa kubanana. Zipo sofa ambazo sponji yake imebebwa na viroba na maboksi, na muuzaji wa sofa hizo hapendi kabisa zigeuzwe.

Sponji ndipo watu wengi wanapoibiwa bila kujua, kwa sababu dukani zote ni laini. Wauzaji hutaja unene: inchi nne, inchi sita. Unene peke yake hauna maana. Kinachoamua kama kiti kitabonyea ni uzito wa sponji kwa ujazo wake, kilo ngapi katika mita moja ya ujazo. Sponji nyepesi za kilo 16 hadi 18 zinafaa kwa mgongo na mikono ya sofa. Pa kukalia panataka 25 kwenda juu, na 30 ni nzuri. Fundi anaweza kukuapia kwamba ameweka nzuri, lakini mzani wa dukani hauapi. Kipande cha kukalia chenye sentimita 60 kwa 60 na unene wa 15 kina mita za ujazo 0.054; kikiwa sponji ya 30 kitakuwa na kilo 1.6 hivi, kikiwa ya 18 hakifiki kilo moja. Tofauti hiyo hata mkono unaihisi. Angalizo moja tu: sponji ya madoadoa, iliyotengenezwa kwa kusaga mabaki na kuyagandisha, ni nzito kuliko zote lakini ni ngumu. Ikikaa chini kama msingi, juu ikalazwa laini, si mbaya. Ikiwa peke yake utahisi umekaa kwenye benchi.

Kitambaa kinastahili fikra chache kuliko tunazokipa, kwa sababu kinabadilishika bila kuvunja sofa. Isipokuwa jambo moja, na wakazi wa Dar, Tanga, Mombasa na Unguja walisikie vizuri: ngozi bandia ya bei rahisi haiwezani na pwani. Unyevu wa hewa na jasho huivunja ile ngozi ya juu, ikaanza kubanduka magamba, mara nyingi kabla fremu haijachoka. Hairekebishiki, na magamba hayo yatashika suruali ya kila mgeni. Kitambaa kizito chenye mfumo wa kubana, rangi ya kati isiyoonyesha kila vumbi, kinatosha. Veliveti ni nzuri kwenye picha za simu.

Sofa za kutoka nje, zile za maduka yenye kiyoyozi, nitazipita haraka. Zipo nzuri sana, ila si kwa laki nane. Kwa fedha hiyo utapata zaidi zile za mbao za unga uliogandishwa, na skrubu ikishalegea humo haishiki tena. Sofa ya L nayo, mpangaji aitazame mara mbili. Kona yake imekatwa kwa ajili ya chumba kimoja. Ukihama, mlango wa nyumba mpya unaweza kuwa upande uleule ulipo mkono mrefu wa sofa, na mwenye nyumba hatahamisha mlango.

Sofa iliyotumika ni njia ya tatu, na kwa mwenye subira mara nyingi ndiyo bora. Familia zinazohama jiji huuza vitu vya maana kwa haraka. Nenda mchana, fungua zipu zote, angalia mishono na kona za chini kwa tochi ya simu. Vidoa vyeusi vidogo kama vya kalamu ni dalili ya kunguni, na hapo hakuna punguzo linalotosha. Unga laini chini ya miguu maana yake mbao ina wadudu. Bila hayo, fremu nzima yenye kitambaa kibovu ni mtaji: sponji mpya na kitambaa kipya vitakugharimu sehemu tu ya bei ya sofa mpya.

Kama ningeulizwa niiweke wapi laki nane hiyo, nisingeiweka kwenye sofa ya kufunikwa kabisa. Ningeagiza makochi ya mbao wazi, ya mtindo wa wazee wetu, yenye mito ya kuvua: la watu watatu na kiti kimoja. Vijana wanayaona ya kizamani. Lakini fremu yake unaiona yote kabla hujalipa, mito unaianika juani, foronya zinafuliwa, na sponji ikichoka unabadilisha ya mto mmoja bila kuita fundi sofa. Fundi cherehani wa mtaani anamaliza kazi. Hata vile vitambaa vya kufuma vya mama zetu, tunavyovicheka, vilikuwa na kazi: vilinyonya mafuta ya nywele na jasho la mikono pale kochi linapochafuka kwanza.

Piga hesabu ya miaka. Tuseme seti ya watu saba ya laki nane imebonyea na kuvunjika baada ya miaka mitatu: umelipa karibu 267,000 kwa mwaka. Tuseme viti vinne vya bei hiyohiyo vimekaa miaka kumi, na katikati umetumia laki tatu kwa sponji na foronya: ni 110,000 kwa mwaka. Wageni wa Idi au Krismasi watakaozidi wanne, viti vya plastiki vinaazimwa kwa jirani.

Ukiagiza kwa fundi, usimpe nusu mwanzoni na nusu mwishoni kama ilivyozoeleka. Gawa malipo mara tatu, na sehemu ya pili iwe siku fremu imesimama uchi, kabla ya kitambaa. Siku hiyo nenda mwenyewe. Andikianeni karatasi yenye aina ya mbao, uzito wa sponji, vipimo na tarehe. Kimo cha kukalia kiwe sentimita 40 hadi 45, vinginevyo bibi akija hatainuka bila kushikwa mkono. Na kabla hujaita kirikuu ya kuibeba, pima upana wa mlango wako, na wa ngazi kama unakaa ghorofani.