Mjane wa Keya na Ufagio wa Mwanza

Wajane wengi wanaofika kwenye duka langu la kopi na uandishi wa barua hapa Mbagala Rangi Tatu wanafuatilia mirathi. Mume alikuwa JWTZ, pengine alipigana vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Basi ni kikao cha ukoo, cheti cha kifo, Mahakama ya Mwanzo, msimamizi anateuliwa, mafao yanadaiwa. Inachosha, lakini njia ipo. Bibi mmoja wa Charambe alikuja na vita vingine.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Niandikie barua ya pensheni. Mzee alikuwa Keya, alifika Bama."

Keya ni KAR, jeshi la Mwingereza huku kwetu. Vita vya Pili vya Dunia vilizoa Watanganyika wapatao 87,000, wengine kwa kulazimishwa. Walipelekwa Uhabeshi, wakapelekwa Madagaska, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikapita bonde la Kabaw kule Burma, ndiyo Bama ya Bibi, mvua inanyesha mchana na usiku. Mzee alirudi, akakaa miaka, ndipo akamwoa Bibi akiwa bado kigoli. Ndiyo maana leo yupo mtu wa kuuliza.

Cheti chake cha kuachishwa jeshi kilikuwa ndani ya mfuko wa sukari, kimekunjwa mara nne hadi mikunjo imetoboka. Nambari inasomeka, cheo kinasomeka. Jina ndilo tatizo: jeshi liliandika la ukoo, cheti cha kifo kina la Kiislamu. Hapo lazima kiapo cha majina kwa wakili. Cheti cha ndoa hakuna. Sheria ya Ndoa ya 1971 huwadhania kuwa mume na mke watu walioishi pamoja miaka miwili au zaidi, wakajulikana hivyo mtaani, kwa hiyo wazee wa mtaa bado wana la kusema.

Kazi ngumu ilikuwa kumweleza kwamba pensheni anayoidai haikuwapo tangu mwanzo. Askari walioandikwa kwa ajili ya vita walilipwa bahashishi ya mara moja, wakaagwa. Malipo ya kudumu yaliwaendea hasa waliolemazwa vitani. Na bahashishi ilipimwa kwa rangi. Nyaraka za Uingereza zilizofichuliwa mwaka 2019 zilionyesha kuwa Mzungu wa cheo cha chini aliyeishi makoloni alihesabiwa shilingi 10 kwa kila mwezi wa utumishi, Mwafrika wa cheo hichohicho tatu na nusu. Mjane atarithi nini hapo?

Kilichopo ni msaada. Royal Commonwealth Ex-Services League, iliyoanzishwa mwaka 1921, huwasaidia askari wa zamani wa makoloni na wajane wao walio katika shida, kupitia vyama vya nchi zao. Kwetu ni Tanzania Legion and Clubs. Mwaka 2018 Uingereza ilitangaza paundi milioni 11.8 kwa miaka mitano, ili wazee hao wapate milo miwili kwa siku. Nilipomsomea, Bibi aliuliza wa tatu anakula nani.

Mjerumani alikuwa na yake. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi ilikubali kuwalipa askari wake wa vita vya 1914 hadi 1918. Inasimuliwa kwamba Mwanza walijitokeza wazee kama 350, wenye vyeti wakiwa wa kuhesabika. Mlipaji akamkabidhi kila mzee ufagio, akatoa amri za bunduki kwa Kijerumani, na hakuna aliyekosea hata moja. Watu huisimulia wakicheka. Mimi huuliza: mjane angefanya nini na ufagio? Ushahidi wa askari umo mwilini mwake, katika kovu na katika mikono iliyozoea amri. Akifa, unazikwa naye. Mkewe anabakiwa na karatasi ambazo mara nyingi hata hakuonyeshwa zilipowekwa.

Kwa hiyo mwenye mzee wa namna hiyo nyumbani akitoe cheti sandukuni leo, akitolee kopi za rangi, azigongeshe muhuri kwa wakili, na kama majina yanapishana, kiapo kiliwe mzee angali anaweza kusaini.

Barua ya Bibi tuliielekeza Legion: utumishi, ndoa, kifo, hali yake ya sasa. Nilipomsomea akataka niongeze kwamba mumewe hakujipeleka, alikamatwa. Nikayaandika hayo kwa kalamu chini ya sahihi, maana umeme ulikuwa umeshakatika, naye akabonyeza dole gumba pembeni.