Chumvi, Mahindi na Chupa Tupu ya Jemu

Jemu ikiisha, chupa usiitupe. Ioshe, iache ikauke kabisa, kisha itie mahindi yaliyopukuchuliwa mpaka yafike theluthi yake. Kaanga chumvi kidogo kwenye sufuria kavu ili maji yake yatoke, iache ipoe, halafu mimina kijiko kimoja au viwili vya chakula juu ya mahindi. Funga mfuniko, tikisa kwa nguvu kwa dakika 1, weka chupa mezani dakika 15. Sasa tazama ukuta wake. Ukiona chumvi imenata kwenye kioo, mahindi yako yana unyevu uliozidi asilimia 15, na ukiyatia ghalani leo unayaozesha. Chumvi ikidondoka yote chini na kioo kikabaki safi, yamekaribia kukauka.

Kipimo hiki hufundishwa na maafisa ugani, na kinamfaa sana mkulima asiyeweza kununua mashine ya kupima unyevu. Siri yake iko kwenye chumvi. Chumvi ya mezani haivuti maji mpaka unyevu wa hewa inayoizunguka ufike kama asilimia 75. Ndiyo maana kwenye nyumba za Tanga na Mombasa chumvi hulowa wakati wa masika, na Dodoma wakati wa kiangazi hubaki kavu. Punje za mahindi nazo, zikifungiwa mahali pasipopitisha hewa, hutoa unyevu wao taratibu kwenye ile hewa kidogo iliyobaki baina yao. Mahindi yenye maji kiasi cha asilimia 15 huifikisha hewa hiyo karibu na kile kiwango cha 75. Chumvi inalowa, inanata. Kwa hiyo chupa hupima hewa iliyofungwa pamoja na mahindi, na hewa hiyo ndiyo inayoeleza hali ya punje. Kiwango cha mahindi kinachokubaliwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, basi hata chumvi ikidondoka, yaanike tena siku moja mbili ndipo uyahifadhi.

Naanza na mahindi kwa sababu hapa ndipo chupa tupu inapoweza kuokoa uhai wa watu. Ukungu unaoitwa Aspergillus flavus hupenda nafaka yenye unyevu na joto, na humo hutengeneza sumukuvu. Sumu hiyo huwezi kuiona wala kuionja, na kuchemsha uji au kusonga ugali hakuimalizi. Mwaka 2004 iliwapata watu 317 nchini Kenya, wengi wao wa Makueni na Kitui, na 125 wakafa. Mwaka 2016 ikazuka Dodoma na Manyara, watu 68 wakaugua na 20 wakafariki. Kukausha vizuri ni kinga ya kwanza, na chupa ya jemu inakuonyesha kama umekausha.

Kioo kina tabia moja ambayo ukiielewa utajua la kufanya na chupa zote zilizojaa kabatini: hakipitishi hewa, hakipitishi maji, hakinyonyi mafuta wala harufu. Ndoo ya plastiki iliyokaa na vitunguu itanuka vitunguu mwaka mzima, lakini chupa ya kioo ikioshwa imesahau. (Mfuniko hausahau. Ule utepe laini wa ndani unaoziba mdomo hushika harufu, kwa hiyo mfuniko wa chupa ya achari usiufunikie chai.) Ulichokifungia kikavu kitabaki kikavu, na ulichokifungia kibichi kitabaki kibichi mpaka kioze.

Chukua maharage. Fukusi hawaji kutoka hewani baada ya wewe kuyaweka jikoni. Mara nyingi mayai yao yalikuja na maharage yenyewe kutoka shambani au sokoni. Mkulima anayetumia mifuko ya PICS, ile yenye mifuko miwili ya nailoni ndani ya mmoja wa kufumwa, anawashinda kwa kuwanyima hewa: wadudu wanapumua, oksijeni inapungua, wanaacha kula, wanakufa. Mifuko hiyo ilibuniwa Kamerun mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya kunde, kwa utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani. Chupa yenye mfuniko unaobana inafanya kazi ileile kwa kilo moja ya jikoni.

Lakini ijaze. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chupa ya lita 1 iliyojaa maharage ina nafasi za hewa kama mililita 400 kati ya punje, na kwa kuwa oksijeni ni asilimia 21 ya hewa, fukusi wanagawana mililita 84 tu. Iache nusu tupu, na hewa inafika mililita 700, oksijeni 147. Umewaongezea karibu mara mbili. Kila unapofungua unawaletea hewa mpya, basi chupa ndogo nne zinazofunguliwa kwa zamu zinashinda moja kubwa inayofunguliwa kila siku.

Kwa mbegu za mchicha, bamia au nyanya za msimu ujao, kanuni haibadiliki. Wataalamu wa mbegu wamekuwa wakifuata kipimo kwamba kila asilimia 1 ya unyevu inayopungua kwenye mbegu huongeza umri wake karibu mara mbili. Zikaushe kivulini mpaka ziwe kavu kabisa, zitie chupani pamoja na kifuko cha kitambaa chenye mkaa mkavu uliopondwa au mchele uliokaangwa bila mafuta, uweke mahali pa giza na baridi. Zikiwa bado na maji, ziache kwenye kitambaa. Ndani ya chupa zitaota ukungu.

Watu wengi hawajui kwamba magadi ya makande na chupa ni jamaa. Kioo cha kawaida ni mchanga wa silika, kama asilimia 70 au zaidi, pamoja na soda na chokaa. Mchanga peke yake huyeyuka kwenye joto la nyuzi 1,700 hivi. Soda hulishusha joto hilo kwa mamia ya nyuzi, na chokaa hufanya kioo kisiyeyuke kwenye maji. Soda hiyo ni ile inayochimbwa Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya, na viwanda vya kioo ni miongoni mwa wanunuzi wake wakubwa.

Soda hiyo ndiyo pia inayokifanya kioo cha jemu kiogope joto la ghafla. Ukimimina uji wa moto kwenye chupa ya baridi, upande wa ndani unatanuka na wa nje haujapata habari, chupa inapasuka. Ukitaka kuichemsha, tandika kitambaa chini ya sufuria, weka chupa kwenye maji baridi, ndipo uwashe jiko, yachemke dakika 10. Mfaransa Nicolas Appert, aliyepewa faranga 12,000 mwaka 1810 kwa kuhifadhi chakula chupani, naye alizichemsha chupa zake kwenye maji, zikiwa zimefungwa na chakula ndani, akiwa hajui kwa nini njia hiyo inafaa. Habari za vijidudu zilieleweka miaka 50 baadaye kwa kazi ya Louis Pasteur.

Achari ya ndimu au embe inakaa salama kwenye kioo kwa kuwa asidi haikigusi. Inagusa bati la mfuniko, kwa hiyo weka kipande cha nailoni safi katikati kisha ufunge. Asidi hiyo ndiyo inayokulinda na bakteria aitwaye Clostridium botulinum, ambaye huzaa sumu mahali pasipo hewa na pasipo ukali, na vijimbegu vyake havifi kwenye maji yanayochemka. Usifunge mboga, nyama au maharage yaliyopikwa ukayaacha kabatini eti mfuniko umebana. Kitunguu saumu kwenye mafuta, kitu ambacho jikoni za mjini zimekipenda sana, kinakuwa mtego wa namna hiyo hiyo: kiweke kwenye friji na ukimalize ndani ya siku chache.

Na kuna jambo ninalolisema kwa uchungu. Usitie mafuta ya taa, dawa ya kuua wadudu wala dawa ya kufulia ndani ya chupa iliyokuwa na jemu au juisi. Mtoto mwenye kiu haangalii lebo iliyobanduka. Anaona chupa anayoijua, anainua, anakunywa. Hospitali zetu zimepokea watoto wa namna hiyo mara nyingi mno. Mafuta ya taa yakae kwenye chombo chake, juu, mbali na chakula.

Msimu huu wa mavuno, kabla hujashona gunia la kwanza, tafuta chupa moja kavu na kijiko cha chumvi. Pima. Jirani yako naye muonyeshe.