Vanishi ya seremala inavyozipa uhai kete za Buhehe

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Busia, upande wa Uganda, alinitazama mara mbili nilipomwambia kuwa vanishi niliyoitaka haikuwa ya mlango wala ya kitanda.

"Ni ya nini basi, mwalimu?"

Nikamtoa mfukoni mwanamke wa mti, urefu wake kama kidole gumba, kikapu kichwani, nikamsimamisha juu ya kaunta. Mwenye duka akacheka. Akaniuzia kopo la lita moja, rangi ya mahogani, kwa shilingi 30,000 za Uganda, na kabla sijatoka akauliza iwapo mama yule anauzwa.

Mama yule ni mmoja wa wale wanane wanaosimama mstari wa mbele katika mchezo wa sataranji, au chesi kama wanafunzi wangu wa Buhehe wanavyouita. Tangu kisa cha Phiona Mutesi, msichana wa mtaa wa Katwe jijini Kampala, kitengenezewe filamu mwaka 2016, hata shule za vijijini zimetaka bao na kete. Taabu ni kwamba kete za plastiki hupotea. Kete moja ikitoweka kwenye nyasi, zile 31 zilizobaki hazina kazi, na mwalimu mkuu hana fungu la kununulia nyingine. Ndipo tukaanza kuchonga.

Seremala jirani hutuachia vipande vya jakaranda na vya lusiola. Watoto ndio walioamua sura. Farasi hawamjui, kwa hiyo mahali pake wakaweka boda boda: mtu juu ya baiskeli, amepinda mgongo. Ni haki yake, kwani jina lenyewe lilizaliwa hapa Busia, baiskeli zilipokuwa zikivusha abiria kutoka mpaka hadi mpaka, na boda boda, kama farasi wa chesi, ndiye pekee anayeruka foleni. Ngome ikawa ghala la mtama lenye paa la nyasi. Mfalme ni mzee kwenye kigoda. Wale wa mbele, wanaotangulia na kuliwa kwanza, wakawa akina mama wachuuzi wenye mizigo kichwani. Sikuwafunza hilo. Wameliona wenyewe barabarani.

Tulizipaka kete zetu rangi, upande mmoja ya maziwa, upande wa pili nyekundu ya udongo. Zikaonekana kama sabuni. Kazi yote ya kisu, msuko wa kikapu, mikunjo ya kanga, spoki za baiskeli, ilipotea chini ya rangi. Ukizisogeza mbali hatua mbili, huwezi kumtofautisha mzee na ghala.

Ufumbuzi ulikuja na msiba. Mama yangu alifariki Desemba 2023, na kaka yangu mkubwa akaja kutoka London kumzika, akiwa na mwanawe wa miaka 15. Kijana huyo hajui Kisamia, na Kiswahili chake ni cha kuamkia tu. Siku tatu za matanga alikaa chini ya mwembe na kisanduku cha bati mapajani. Siku ya nne nikamwomba anionyeshe kilichomo. Walikuwa wanajeshi wa plastiki, wadogo kuliko kete zetu, na kila mmoja alikuwa na kivuli chini ya kofia, giza kwenye mikunjo ya koti, hata kati ya vidole. Nikauliza amewapaka kwa brashi gani.

"Sikupaka vivuli, baba mdogo," akasema kwa Kiingereza. "Niliwachovya."

Ulaya na Marekani, mpenzi msomaji, wako watu wazima na vijana wanaopigana vita vya mezani kwa wanajeshi kama hao, wengi wao wa urefu wa milimita 28 hivi. Jeshi moja laweza kuwa na watu mia, na kumtilia kila mmoja vivuli kwa brashi nyembamba ni kazi ya majuma. Wavivu, au tuseme wenye akili, wakageukia rafu ya maseremala. Marekani walichovya wanajeshi wao katika Polyshades ya kampuni ya Minwax, vanishi yenye rangi iliyokusudiwa viti na kabati. Mwaka 2007 ikaanzishwa huko Denmark kampuni iitwayo The Army Painter, ambayo iliwatengenezea vanishi ya namna hiyo na kuiita Quickshade.

Siri yake ni nyepesi. Vanishi yenye rangi ni majimaji mazito kidogo. Ikimwagikia kitu chenye vilima na mabonde, huteremka vilimani na kutuama mabondeni, kama mvua ya Aprili inavyofanya barabara ya vumbi. Ikikauka, palipochimbwa na kisu pana giza, palipoinuka pamebaki peupe. Jicho likiona hivyo huamini kuwa jua linawaka juu ya kitu hicho.

Kesho yake mimi na kijana tulipanda pikipiki hadi Busia, na hapo ndipo nilipomweka mama wa kikapu kaunta.

Kundi la kwanza liliharibika, na nitaeleza kwa nini ili mwingine asitupe pesa. Tulikuwa tumepaka rangi ya mafuta jioni, tukachovya asubuhi. Vanishi ya mafuta ina tapentaini ndani yake, na tapentaini huiyeyusha rangi ya mafuta ambayo haijakomaa. Wazee wetu wawili walitoka koponi uso mmoja na kigoda, tope tupu. Kosa la pili lilikuwa langu. Plastiki hainywi kitu, mti hunywa. Chini ya kete, mahali ambapo hatukupaka rangi, nyuzi za mti zilifyonza vanishi hadi juu ya magoti, na akina mama wakaonekana wamevuka kinamasi. Kijana wa London hakuwahi kuona jambo hilo. Wanajeshi wake hawana kiu.

Sasa tunafanya hivi. Kete hupigwa msasa, kisha hupakwa kila upande, hata chini, gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji. Ikikauka hupakwa rangi ya maji, na rangi hiyo iwe nyangavu kuliko unayoikusudia, kwa sababu vanishi itatia giza kote. Huachwa usiku kucha. Kopo la vanishi hukorogwa kwa kijiti hadi chini, maana rangi huzama. Usilitikise, litajaa povu, na povu likikauka usoni mwa mfalme ni ndui. Kete hushikwa kwa koleo, huchovywa kwa hesabu ya tatu, kisha hukung'utwa kwa nguvu nje ya nyumba. Usiogope kukung'uta. Anayeogopa huishia na kete iliyozama kwenye asali. Baada ya hapo tunaisimamisha juu ya gazeti, na kwa dakika kumi hivi mtoto mwenye brashi kavu huokota matone yanayokusanyika miguuni. Upande wetu wa ziwa, wakati wa mvua, huchukua siku mbili kukauka, wala usijaribu kuiharakisha motoni.

Nimejaribu vilevile kupakaza vanishi kwa brashi badala ya kuchovya, na kusema kweli napendelea hivyo. Kuchovya ni kwa mwenye jeshi la mia. Kwa kete 32, brashi huokoa nusu ya kopo. Watoto lakini wanataka kuchovya, na nani atawalaumu?

Mvuke wake haufai mapafuni, kwa hiyo kazi hufanywa nje, na kopo silishikishi mtoto wa chini ya darasa la sita. Matambara yenye vanishi ya mafuta yasirundikwe pembeni: hupata joto yenyewe na yanaweza kuwaka bila kiberiti. Yetu tunayatia kwenye ndoo ya maji.

Matokeo? Spoki zilionekana. Msuko wa kikapu ulionekana, kila ukili. Mzee kwenye kigoda alipata makunyanzi ambayo mwanafunzi wa darasa la saba alikuwa ameyachonga tangu Oktoba bila mtu kuyaona. Yule mtoto aliishika kete yake, akaipindua, akaniuliza kama ndiyo ileile.

Habari hupita haraka mpakani. Februari akaja mama mmoja mfanyabiashara, anayevusha vinyago na vikapu kati ya Kampala na Mombasa. Akatazama, akapima mkononi, akasema atachukua seti 20. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu nauli ya timu yetu hadi Tororo na mabao mapya, alipoongeza, "Ila nyeusi, mwalimu. Nyeusi tii. Chovya hata mara tatu. Watalii wanataka mpingo."

Nilinyamaza. Mama alidhani napanga bei.

Mimi nilitoroshwa Buhehe mwaka 1987, nikiwa na miaka minane, na kusomea Mombasa nyumbani kwa mjomba aliyefanya kazi bandarini. Tulikaa Changamwe, si mbali na barabara ya Port Reitz, kilipo chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba. Baada ya shule nilikuwa nikisimama ugani pale kutazama twiga wakitoka kwenye magogo. Husimuliwa kuwa kazi hiyo ililetwa Ukambani na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyeiona Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia akarudi nayo nyumbani. Nami niliondoka pale na kitu: nikajua kuchonga kidogo.

Nilijifunza na jingine, kwa mtu wa mtaani aliyetupa vijana vinyago tuuze kando ya njia ya uwanja wa ndege. Alitupa ndovu wa jakaranda na kopo la rangi nyeusi ya viatu. Tulisugua hadi wakang'aa, tukawaita mpingo. Siku moja mzee wa Kizungu alilowesha leso kwa mate, akamfuta ndovu wangu sikioni. Leso ikawa nyeusi, sikio likawa jeupe. Hakunigombeza. Alinirudishia ndovu, akanipa shilingi kumi, akaenda zake. Nilikuwa na miaka 12, na ningependelea anipige kofi.

Jioni hiyo, kama jioni nyingine zote, nilipoulizwa na mgeni ninatoka wapi, nilisema Funyula. Ndivyo tulivyofunzwa nyumbani: Wasamia wako pande zote mbili, kwa hiyo taja upande wa Kenya na usiongeze neno. Nilisema Funyula kwa miaka 14. Niliporudi mwaka 2001 hata wilaya ilikuwa imegeuka; niliondoka Tororo nikarudi Busia, ilhali mwembe ni uleule.

Sikumsimulia mama yule hayo yote. Nilimweleza ya biashara. Mpingo wa kweli ni mzito kiasi cha kuzama majini, jakaranda huelea. Mteja mwenye beseni atakuumbua. Mkwaruze chini kwa msumari, mweupe atatoka. Na kuna la forodha. Tangu Januari 2017 jamii nzima ya miti ya mpingo imo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, na shehena ya bidhaa zilizokamilika yenye zaidi ya kilo 10 za mti huo huhitaji kibali kuvuka mpaka. Ukiandika mpingo kwenye karatasi, utaulizwa kibali cha mti ambao hata huna. Ukiandika jakaranda, iliyotengenezwa Buhehe, na mzigo hauzidi dola 2,000, uulize pale kituo cha pamoja cha mpakani kuhusu cheti kilichorahisishwa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wachuuzi wenzake wanakitumia kwa bidhaa nyingi.

"Mwalimu," akasema, "unanifunza au unaniuzia?"

"Nakuuzia, mama. Lakini nyeusi sichovyi."

Aliichukua tena kete ya mchuuzi mwenye kikapu, akaigeuzageuza juani. Akauliza mizigo ile ni ya nini. Mwanafunzi mmoja akamjibu kuwa ni omena wa Majanji. Mama akasema yeye alianza hivyohivyo, kwa omena, kabla ya kupata mtaji, na kwamba mtoto aliyechonga amekosea: kitambaa cha kichwani hukunjwa mduara, vinginevyo beseni huteleza. Akafungua leso yake na kumwonyesha. Mtoto akakimbia kuleta kisu.

Seti 20 hazikununuliwa. Alichukua nne, zikiwa zimefungwa mmoja mmoja kwenye karatasi ya gazeti, baada ya kukaa wiki nzima zisigandane. Nauli ya Tororo ilipatikana kwa shida, mabao bado tunachora kwa mkaa juu ya kadibodi. Kijana wa London ananiandikia kwa simu kuuliza habari za boda boda wa upande mwekundu, yule aliyemchovya kwa mkono wake.

Mwezi wa Aprili mama alipita na pesa za seti tatu. Ya nne, alisema, haikufika sokoni. Mjukuu wake amemficha boda boda chini ya mto na hataki kumtoa, kwa hiyo anaomba tumchongee mwingine, na tafadhali safari hii tumwekee abiria.