Mguu wa Bandia Katika Nchi ya Ngamia

Wazee walinena, "Hujafa hujaumbika." Katika nchi kavu iliyo mashariki ya mto Tana, kutoka Garissa mpaka Wajir na Mandera, neno hili lajulikana vema. Huko mtu aweza kupoteza mguu kwa kuumwa na bafe machungani, kwa risasi, kwa bomu lililofichwa njiani karibu na mpaka wa Somalia, au kwa ugonjwa wa kisukari. Tena wako waliovunjika mfupa tu, wakafungwa vijiti vikakazwa mno hata damu isipite. Nyama ikafa, na daktari akawa hana la kufanya ila kukata. Basi mguu uliofungwa ukiwa baridi, ukifa ganzi au ukibadilika rangi, ulegezeni mara moja, mkamwone daktari siku ile ile.

Je, aliyekatwa mguu amekwisha? Swali hili ni zito huko, maana mali ni mifugo, na mifugo hufuatwa kwa miguu. Mwenye ngamia akikaa kitako, huogopa kwamba hata neno lake barazani litapungua uzito.

Mwaka 1980 kijana mmoja wa Kanada, Terry Fox, aliyekatwa mguu juu ya goti kwa sababu ya saratani, alikimbia kwa mguu wa bandia siku 143, akapita kilomita 5,373. Si kila mtu aweza hayo, wala hayatakiwi. Linalotakiwa ni mtu kufika kisimani, sokoni na msikitini kwa nguvu zake mwenyewe.

JINSI UTENGENEZWAVYO

Kigutu hakivishwi mguu kabla ya kupona. Kwanza hufungwa bendeji ili uvimbe upungue, na mgonjwa hufundishwa kunyosha goti na nyonga kila siku, kwani kiungo kikikakamaa hali kimepinda, mguu mpya hautamfaa. Kisha fundi huchukua umbo la kigutu kwa plasta, akatengeneza kikombe cha plastiki ngumu cha kukipokea. Aliyebakiwa na goti lake hujifunza upesi kuliko aliyekatwa juu ya goti.

Mafundi wa kazi hii hufunzwa Nairobi, na pia Moshi, Tanzania, ambako chuo chao kilifunguliwa mwaka 1981. Chama cha APDK, kilichoanzishwa Kenya mwaka 1958, kina karakana za kutengeneza miguu hii. Tena liko Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Yafaa kila mwenye haja ajiandikishe kwake.

JINSI YA KUUTUNZA

Adui mkubwa ni joto na jasho. Kila jioni kioshwe kigutu kwa maji na sabuni, kikaushwe vema, na soksi ya pamba ibadilishwe. Pakiwapo wekundu usioondoka, mguu uvuliwe mpaka fundi autazame. Mwenye kisukari ajikague kila siku, kwani huenda asisikie maumivu ya kidonda. Usiuweke karibu na moto, maana plastiki hulegea. Wala usibadili viatu ovyo: kisigino kikizidi au kikipungua, mwendo wote huharibika. Na mtoto, kwa kuwa hukua, hana budi kupimwa upya mara kwa mara.

Miguu mingi huishia uvunguni mwa kitanda. Kikombe hubana, kidonda hutokea, fundi yuko mbali, na mwenyewe hukata tamaa. Kwa hiyo, siku ya kupewa mguu, ulizeni: ni nani atakayeurekebisha, na wapi?

Mwisho, neno kwa jamaa. Msimfanyie kila kitu kwa huruma. Mwacheni ahesabu mifugo yake, anyweshe, aende mwenyewe soko la Garissa kupatana bei. Fundi humpa mguu. Ninyi mwachieni njia apite.