Mpini wa Jembe Lako

Hapa Kindu na katika vijiji vya kando ya Lualaba, kina mama hulima mpunga, muhogo na mahindi kwa jembe la mkono. Jioni wengi husema, "Mgongo waniuma," nao hudhani ni uzee au kurogwa. Tazama kwanza mpini wa jembe.

Mpini mfupi humlazimisha mtu kuinama kutwa, pengine na mtoto mgongoni. Nyama za mgongo huchoka, na mama mwenye mimba huumia zaidi.

Hapana haja ya kununua jembe jipya. Kata mti mgumu, uukaushe kivulini usipasuke. Usimamishe kando yako: ufike kifuani. Ukiushika, ncha za vidole zikikaribia kidole gumba, unene wake wafaa. Kisha uuparuze kwa kigae cha chupa, ukikishika kwa kitambaa, mpaka uwe laini. Mpini wenye mikwaruzo huleta malengelenge, na lengelenge lililopasuka ni mlango wa vijidudu. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo. Basi osha kila jeraha kwa maji safi na sabuni, uende kituo cha afya kuuliza habari za sindano ya pepopunda.

Tena, kaza chuma kisilegee. Soma Kumbukumbu la Torati 19:5, uone hatari ya chuma cha shoka kinachochomoka: chaweza kumwua jirani.

Baba, mchongee mkeo mpini huu kabla ya mvua. Kazi yako ya siku moja itampunguzia maumivu ya siku nyingi.