Tulidhani Yumo Gari la Pili

Kila Desemba mabasi yanayopita Same hushusha watu wa milimani. Wanatoka Dar es Salaam, Tanga na Arusha, wamebeba watoto, magodoro na madumu ya mafuta ya kupikia, na hapo stendi hutafuta gari la kuwapandisha Mbaga, Chome, Mamba au Gonja. Huko juu kuna ukungu na migomba, na kuna bibi anayechungulia barabarani tangu alfajiri.

Sisi ni wanawake watano tulioolewa na ndugu watano wa ukoo mmoja wa Mbaga. Mama mkwe wetu ni mjane, naye hajakubali kuhamia mjini. Hivyo kila Krismasi sisi ndio tunaomfuata. Tumekubaliana kuwasimulia akina mama wenzetu yaliyotupata sikukuu moja, kwani huenda yakamwepusha mwingine.

Safari ya kupanda

Ilikuwa tarehe 26 Desemba, siku ambayo sharika nyingi za Kilutheri hubatiza watoto. Wajukuu wawili wa ukoo walikuwa wabatizwe. Wengi wetu tulilala Same kwa shemeji yetu mkubwa, wengine sakafuni, na alfajiri tukapanda katika magari mawili. Watu wazima na watoto, tulikuwa thelathini na mmoja.

Same ni tambarare, yenye joto na vumbi. Ukianza kupanda, hewa inabadilika na watoto wanaomba masweta. Gari la kwanza lilichemka njiani, tukateremka wote kusubiri lipoe. Keki ya ubatizo tuliipakata kwa zamu. Ilitoka Same ikiwa na ghorofa mbili, ikafika Mbaga ikiwa na moja.

Hata hivyo tuliwahi ibada. Ukristo wa Mbaga ni wa siku nyingi. Mwanzoni mwa karne ya 20 walifanya kazi huko wamisionari wa Leipzig kutoka Ujerumani, akiwamo mchungaji Jakob Dannholz. Mama mkwe alikaa benchi la mbele, amevaa kitenge kipya, akawapokea wajukuu wake mmoja mmoja baada ya maji ya ubatizo. Machozi yalimtoka, nasi yakatutoka.

Makande ya chumvi

Nyumbani kulikuwa na kazi. Mbuzi alikwisha chinjwa, ndizi zimemenywa, na makande yalikuwa motoni tangu usiku. Upareni unaweza kupika pilau na nyama ya kila namna, lakini wazee watauliza makande yako wapi.

Mmoja wetu alipita jikoni akaonja, akaona hayana chumvi, akatia. Baada ya muda akapita mwingine. Hakuonja, alidhani katika msongamano ule hakuna aliyekumbuka. Akatia na yeye. Wazee walikula kwa adabu na kunywa maji mengi. Babu mmoja jirani alisema kwa upole kwamba mwaka huu bahari imepanda mlimani. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Tungejua, tungelitafakari jambo lile badala ya kulicheka.

Mchana tukatembelea jamaa. Kila nyumba ina chai ya tangawizi, na kukataa kikombe ni kumdharau mwenye nyumba. Watoto walitangulia mbele kama kundi la mbuzi, wakiingia na kutoka. Kila mtoto alikuwa na mama watano, na kila mama alijua kuwa wenzake wanne wanaangalia.

Kurudi Same

Saa kumi na moja jioni wingu likashuka. Madereva wakahimiza tuondoke kabla ya mvua, maana barabara ya mlimani ikilowa haina huruma. Tukaagana haraka, watoto wakapakiwa popote penye nafasi.

Nusu ya njia magari yalisimama breki zipoe. Mke mdogo wa ukoo, aliyeolewa karibuni kuliko sisi sote, akaja kumchukua mwanawe wa miaka mitano kutoka gari la pili. Hakuwamo. Wa gari la pili walidhani yumo la kwanza.

Tulimpigia simu mama mkwe. Akajibu, "Mbona mliondoka naye?" Hapo miguu ilituisha nguvu. Jirani na nyumba ile kuna ndiva, bwawa la asili ambalo Wapare hukusanyia maji ya kumwagilia mashamba, na mchana watoto walikuwa wakicheza karibu nalo. Tulisikia kwenye simu majirani wakiitana na kuchukua tochi. Kisha simu ikakatika.

Katika hofu ile wifi yetu mmoja alisema, "Mama gani anasahau mtoto?" Mke mdogo hakujibu. Baba wa mtoto alikuwa amesimama pale pale, na hakuna aliyemuuliza yeye swali hilo. Wala sisi wanne hatukumtetea mwenzetu, ingawa kila mmoja alijua kwamba naye hakuhesabu.

Gari moja liligeuza kurudi. Karibu saa nzima tulikaa kando ya barabara katika manyunyu, tukiomba. Simu ilipolia tena, ilikuwa sauti ya mama mkwe: mtoto ameonekana jikoni, amelala nyuma ya magunia ya mahindi, penye joto la mafiga. Ameamka anaomba chai.

Tulilojifunza

Usiku ule, huko Same, wifi alimwomba mke mdogo msamaha mbele yetu. Mke mdogo alikubali, lakini alilia kwa muda mrefu, nasi tukaona kuwa neno lile lilimchoma kuliko hofu ya ndiva. Ndipo mmoja wetu akafungua Luka sura ya 2. Mariamu na Yusufu walikwenda mwendo wa siku nzima wakidhani mtoto Yesu yumo katika msafara pamoja na jamaa. Hawakuwa wazazi wazembe. Walikuwa na jamaa wengi, kama sisi.

Kumbe chumvi na mtoto lilikuwa jambo moja. Chumvi kila mmoja alidhani haijatiwa, ikatiwa mara mbili. Mtoto kila mmoja alidhani ameangaliwa, hakuangaliwa na yeyote.

Sasa tuna utaratibu. Jikoni kuna mpishi mkuu mmoja, na ndiye mwenye chumvi. Kila mtoto mdogo ana mtu mzima aliyetajwa kwa jina, akina baba wakiwamo. Gari haliondoki mpaka watoto wamehesabiwa kwa majina, siyo kwa vichwa. Na likitokea la kutokea, kwanza tunatafuta, lawama zitasubiri.

Krismasi iliyofuata mama mkwe alisimama mlangoni akahesabu pamoja nasi. Alipomaliza, alimtazama mke mdogo, akamkabidhi kopo la chumvi.