Kushukuru Siku ya Idi: Mila za Nyumbani na Haki Zinazotangulia

Kila sifa njema ni ya Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu alayhi wa sallam), ahali zake na Swahaba zake.

Kila Ramadhani ikiingia kumi la mwisho, mazungumzo ya majumbani hugeuka. Yaliyokuwa maswali ya funga huwa maswali ya sikukuu: nguo za watoto, hina, mkono wa Idi, masinia ya kupelekeana, na viwanja vya kufurahishia watoto kwa siku nne. Je, haya ni dini au ni mila tu?

Tuanze na asili ya siku yenyewe. Katika Suratul-Baqara, aya ya 185, baada ya kutaja mwezi wa Ramadhani na ruhusa ya mgonjwa na msafiri, Allah anataja makusudio: tukamilishe hesabu ya siku, tumtukuze kwa kutuongoza, na tupate kushukuru. Aya inaishia kwenye shukrani, na Idil-Fitri inaanzia hapo. Takbira tunazozileta tangu jua kuzama usiku wa Idi hadi imamu aingie kwenye Swala zinatokana na aya hiyo, na si za msikitini pekee. Zinaletwa jikoni, njiani na sokoni, na watoto wazisikie kwa wazazi wao kabla ya kuzisikia kwenye kipaza sauti.

Siku hiyo kufunga ni haramu. Anas bin Malik (radhiya Allahu anhu) amesimulia, katika Bukhari, kwamba Mtume (s.a.w.) hakuwa akitoka kwenda kuswali Idil-Fitri mpaka ale tende, kwa idadi ya witiri. Basi tende chache asubuhi, kabla ya tambi na maandazi, ni mila rahisi kabisa ya kuanzisha nyumbani, na ina asili.

Ama furaha, nayo ina asili. Wasichana wawili walikuwa wakiimba nyumbani kwa Bibi Aisha (radhiya Allahu anha) siku ya Idi; Abu Bakr alipowakemea, Mtume (s.a.w.) alimwambia awaache, kwa kuwa kila watu wana sikukuu yao na hii ni yetu. Kwa hivyo nguo nzuri, hina, udi kwenye chetezo, pilau na kuwapeleka watoto kiwanjani ni mambo yanayoruhusiwa maadamu hayakuchanganyika na haramu. Tahadhari moja tu: piko inayotengenezwa kwa rangi ya nywele imeunguza ngozi za wengi, wakiwemo watoto. Hina ya majani inatosha.

Mkono wa Idi ni zawadi, na zawadi aliyopewa mtoto ni mali yake. Mzazi humtunzia, hazitoi kununulia vocha.

Kuna jambo moja katika mila zetu ambalo tungependa libadilike. Katika nyumba nyingi, baba na watoto wa kiume huondoka na kanzu zao kwenda kuswali, na mama na mabinti hubaki na masufuria. Ummu Atiyya (radhiya Allahu anha) amesimulia kwamba wanawake waliamrishwa watoke, hata wenye hedhi, ambao hukaa kando ya mahali pa kuswalia wakashuhudia kheri na dua ya Waislamu. Pilau linaweza kungoja saa moja. Au lipikwe na wote wakirudi.

Sasa tuje kwenye haki zinazotangulia mila, kwani hapa ndipo shukrani inapojulikana kuwa ni ya kweli.

Ya kwanza ni Zakatul-Fitri: pishi moja, yaani vibaba vinne, ya chakula kikuu cha watu wa mahali, na kwetu ni mchele. Kwa makadirio ni baina ya kilo mbili na nusu na tatu kwa kila mtu. Inamlazimu mwenye ziada ya chakula chake na cha anaowalisha kwa usiku na mchana wa Idi. Asiyekuwa na ziada hiyo hadaiwi. Katika madhehebu ya Shafi inajuzu kuitoa tangu mwanzo wa Ramadhani, na bora ni kabla ya Swala ya Idi. Kuichelewesha mpaka jua lizame siku ya Idi bila ya udhuru ni dhambi, na deni lake linabaki. Lakini hata anayeitoa adhuhuri amemchelewesha maskini: watoto wa jirani yake wameshaamka na jiko lao halina moto.

Ya pili inaumiza zaidi. Visiwani kwetu wapo watoto wengi wanaoishi kwa mama au kwa bibi baada ya wazazi kuachana. Talaka haikuvunja ubaba. Nafaka ya mtoto mdogo asiye na mali iko juu ya baba yake popote mtoto anapolala, na fitri yake vilevile. Hata mtalaka aliyemo ndani ya eda ya talaka rejea, fitri yake ni juu ya mume. Baba anayewavisha watoto wa nyumba moja, na wa nyumba nyingine wakachungulia mlangoni tangu asubuhi wakimngojea, hana la kusema kwamba mama yao hakumpigia simu.

Ya tatu ni deni. Nguo mpya si sharti la Idi. Lililo sunna ni kuvaa kilicho kizuri katika ulichonacho, na nguo iliyofuliwa ikapigwa pasi inatosha. Mke asimlazimishe mumewe akope kwa ajili ya mapazia, na mume asikope kwa kuogopa maneno ya shemeji. Anayedaiwa na anao uwezo wa kulipa, alipe kwanza, pazia lingoje.

Na ikiwa zimebaki siku mbili tatu kabla ya Idi, na mchele wa fitri umeshanunuliwa, usingoje usiku wa mwisho. Upeleke leo, mwenyewe au kwa mkono wa mtoto wako, ili apikiwaye apate nafasi ya kujipanga.

Wallahu a'lam.